Jirani Niliyempa Mgongo

Mtu akigonga mbao mara tatu, shingo yangu hugeuka kabla akili haijajua. Darasani mwanafunzi aliyechelewa akigonga mlango, najikuta nimeutazama ubao, na wenzake wanadhani madamu amekasirika. Nyumbani ni vibaya zaidi, kwa sababu nyumba yetu ni ya mbao kama nyingi za Goma, na mbao haziachi kugongwa. Tabia hii nilijifundisha mwenyewe kwa miezi mitano na zaidi. Sijaweza kuiacha.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari, si mbali na Katindo. Mwaka ninaousimulia niliwasomea wanafunzi wa mwaka wa tano riwaya moja ya zamani ya kutisha, zile za majumba makubwa ya mawe, ukungu, na mishumaa inayozimika bila upepo. Shule ilikuwa na nakala moja tu. Mvua iliyopenya dari ilikuwa imekula jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatukujua jina la kitabu wala la aliyekiandika. Nilisoma kwa sauti kila Jumanne, nikieleza maneno magumu kwa Kiswahili, na darasa la watoto sitini lilikaa kimya ambacho hesabu haijawahi kukipata.

Ndani ya riwaya ile kuna mlinzi wa jumba lililo mlimani, mtu mwenye uso ulioharibika. Wanakijiji hawajawahi kumtazama vizuri, lakini wanajua yote juu yake. Ng'ombe akifa, ni yeye. Mtoto akiugua, ni yeye. Cha ajabu, mwandishi hauelezi uso wenyewe mahali popote. Anasema tu kwamba kila aliyeuona aliangalia pembeni. Mwanzoni niliona ni uvivu, nikawaambia wanafunzi wauchore wao. Wakaniletea mapembe, meno ya mamba, macho matatu. Mmoja alimchora mkuu wa shule, nikamshauri aifiche karatasi ile haraka.

Nilihubiri sana mwaka ule. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: tusimhukumu mtu kwa sura. Nilijua nasema wapi. Huku kwetu tunasoma pua na paji la uso kabla ya kujua kusoma kitabu. Mtu akikukazia macho mara moja, ameshaamua babu yako alizaliwa kilima gani, na kama akukaribishe au akunyime. Nilitaka watoto wale wakue tofauti. Mwanafunzi mmoja akasimama na kusema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, nikampa alama ya bure kwa furaha.

Sasa nieleze nilikuwa naishi vipi. Kiwanja tulichopanga kilikuwa na milango minne na bomba moja, na ua wa mawe meusi ya volkano yanayochana viatu. Mume wangu ni karani, alifanya kazi Bukavu na kurudi mwisho wa mwezi. Mlango wa nne, uliotazamana na wangu, alikuja kuupanga mwanamke mmoja kutoka Kibumba. Alikuwa amekimbia vita, na hakutaka kukaa chini ya hema. Alitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, uani na kuizungusha nyumba kwa nyumba. Zamani alikuwa akiuza petroli kwa chupa kando ya barabara, na siku moja petroli ikashika moto jikoni kwake. Hayo niliyasikia bombani. Wengine walisema moto ulimla pua, wengine walisema ni mdomo.

Mimi nilimwona mara moja, siku aliyofika. Alikuwa anainua godoro, kitambaa cha kichwa kikateleza. Niliona kitu ambacho hakikukaa sawasawa, nikaitazama ndoo yangu. Nilimkaribisha vizuri, nikamuuliza habari za safari, macho yote yakiwa ndani ya ndoo.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi minne. Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilitoka kwa miezi mitano. Ya pili ilitimiza tisa, mtoto akazaliwa amekufa. Alikuwa na uso mzuri kabisa, na nilimtazama mpaka waliponinyang'anya. Kwa sababu hiyo mama mkwe wangu alikuja kutoka Bukavu kunilinda, na rozari yake, na majani yake ya kuchemsha, na macho yake yasiyopitwa na kitu. Alimwona jirani siku ile ile.

Akanivuta ndani, akafunga mlango. "Mutoto yangu, mwanamuke wa mimba hatazamake kitu ya namna ile. Macho njo mulango. Chenye unatazama, mutoto anakichukua."

Nilicheka. "Mama, hizo ni hadithi."

"Ndiyo, ni hadithi. Lakini kufunga macho kunakuuma wapi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwa mwalimu, na nilijua hivyo wakati ule ule, sikuhitaji kungoja miaka ipite ndipo nijue. Lakini mtu aliyezika wawili hana diploma. Usiku na mchana niliwaza uso wa mtoto tumboni, bado haujakauka, kama udongo ambao kidole chochote kinaweza kuuharibu. Nikavumilia siku tatu. Siku ya nne nikavuka ua.

Nilimkuta kwenye kinu, amenipa mgongo. Nilizungumza kwanza juu ya maji, kwamba bomba limeanza tena kukohoa. Nikasifu sombe yake. Kisha nikasema, "Mama, ujue niko na mimba."

"Najua, madamu. Mungu akusaidie."

"Na mama mukwe wangu, unajua wazee wa zamani..."

Ndiyo, nilimtwika mama mkwe. Mwanamke yule aliacha kutwanga, lakini hakugeuka. Alikuwa ameelewa, akaniokoa na aibu ya kumaliza sentensi.

"Usijisumbue, madamu. Hata kwetu tunasemaka vile. Nilipokuwa na mimba, miye pia sikuwa natazama vilema. Nitakuwa napiga mbao mara tatu mbele ya kutoka. Ukisikia, ugeuke. Nikisha kupita, napiga tena moja."

Akaendelea kutwanga. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi. Ninaandika hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi, na nililala vizuri siku ile.

Basi tukaishi hivyo. Alfajiri, ko-ko-ko, nami nageukia ukuta, hata kama nina sufuria mkononi. Nasikia ndala zake zikipita, nasikia maji yakiingia katika ndoo, nasikia ndala zikirudi. Ko. Nageuka. Mara kumi kwa siku, wakati mwingine zaidi. Watoto wa kiwanja walianza kutuchezea, mmoja anagonga, mwingine anageuka, mama zao wanawapiga makofi. Nilimjua kwa masikio. Nilijua kikohozi chake cha asubuhi, na jinsi alivyovuta mguu mmoja akichoka. Nilijua kwamba akiwa peke yake alizungumza na sombe, akiilaumu kuwa ngumu. Mara moja nilicheka peke yangu ukutani kwa jambo aliloliambia sombe, na nikatamani kumwambia kwamba nimecheka. Sikumwambia.

Shuleni tulifika mahali ambapo wanakijiji wanapanda mlimani na mawe mikononi. Wasichana wawili walilia. Mmoja wao, mtoto mwenye akili nyingi na ulimi mrefu, akainua kidole. "Madamu, ule mutu angekuwa anaishi mu kiwanja yenu, ungekuwa unamusalimia?"

"Kila asubuhi," nilisema.

Nilisema bila kusita, mkono mmoja juu ya tumbo. Niliposahihisha insha zao wiki ile, karibu wote waliandika kwamba madamu yetu ni mfano. Nilitia alama nyekundu penye makosa ya tahajia, nikaacha sentensi ile kama ilivyo. Kila nikigeuza karatasi niliikuta tena, kwa mwandiko mwingine.

Uchungu ulinikuta asubuhi, saa nne hivi, mama mkwe akiwa sokoni. Watu wote wa kiwanja walikuwa wametoka kutafuta maisha. Maji yalimwagika mlangoni pangu, nikaanguka nusu ndani nusu nje. Nilipiga kelele. Na kutoka upande wa pili wa ua nikasikia ko-ko-ko.

Aligonga. Mimi niko chini, napiga yowe, na yule mama aligonga mbao zake mara tatu na kungoja.

"Madamu, umegeuka?"

"Nimegeuka! Kuja!"

Alikuja kwa nyuma. Alikuwa amejifunga kikwembe kichwani mpaka kidevuni, amebakiza tundu la kuonea njia. Akapitisha mikono chini ya makwapa yangu, akaniinua, na mgongo wangu juu ya kifua chake tukatembea mpaka barabarani kama watu wawili waliofungwa pamoja. Motari aliyesimamisha pikipiki yake hakutaka kutuchukua, alisema atachafuliwa kiti. Yule mama alimtukana matusi ambayo sijapata kuyasikia tena, na motari akatii. Tukapanda watatu. Mimi katikati, yeye nyuma akinishika kwa mikono yote miwili. Njia ya mawe iliturusha, upepo ukavuta kikwembe chake, na uso wake ukaniegemea shingoni. Ilikuwa ngozi ya joto yenye jasho, ya mtu aliyekuwa anaogopa kama mimi. Kila nilipojipinda kwa uchungu alinisemesha sikioni.

"Tazama mbele, madamu. Tazama barabara tu."

Katika kituo cha afya muuguzi alimzuia mlangoni, akamwambia asiingie kuwatisha wazazi. Nilisikia. Nilikuwa na pumzi ya kupiga kelele, lakini sikuwa na pumzi ya kusema huyu amekuja na mimi. Alikaa nje juu ya jiwe mpaka jioni. Binti yangu alizaliwa akilia kwa nguvu, nikamhesabu vidole, nikamtazama uso, mzima, nikalia kuliko yeye.

Mama mkwe alipofika mbio na kusikia habari, hakuja kwanza kwangu. Muuguzi alinisimulia baadaye. Alimfuata yule mama pale kwenye jiwe, akamfungua kikwembe taratibu, akaushika uso wake kwa mikono miwili na kumtazama sawasawa, kwa muda mrefu, akimshukuru. Kisha ndipo akaingia kumwona mjukuu.

Tuliporudi nyumbani aliniambia, "Mwite ule mama aje amubebe mutoto. Ni miye nilikosa. Nitamuomba pardon mbele yako."

"Kesho, mama," nilisema.

Wageni walikuja na sabuni, sukari, unga wa uji. Kila mwanamke wa avenyu alimbeba binti yangu. Kila siku ya pili nilikuta mlangoni bakuli la sombe iliyotwangwa laini kabisa, imefunikwa kwa sahani, kwa sababu sombe huleta maziwa. Nilikula yote. Bakuli nililirudisha kwa mkono wa mama mkwe. Nilisema nitamwita kitovu kikianguka, kikaanguka. Nikasema nikianza kutoka nje, nikaanza. Nikasema siku ya ubatizo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama mkwe alinikumbusha, na yeye si mtu wa kurudia methali bila sababu. Na kugonga kuliendelea, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Ni mimi niliyepaswa kumwambia.

Sikuwa naogopa tena uso wake. Niliogopa uso ule unitazame mimi. Ningeanzaje? Mtu aliyekubeba kifuani, unamgeukia mwezi mzima baadaye na kusema, haya, sasa naweza kukuona? Kila siku niliyoiacha ipite iliongeza ugumu wa siku iliyofuata, na nilikuwa mwoga. Sina neno lingine.

Kisha zikaja siku za risasi ndani ya mji. Tulilala sakafuni, mama mkwe na mimi, mtoto katikati, magodoro yamesimamishwa kwenye mbao ingawa kila mtu anajua mbao na godoro hazizuii kitu. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Kila mlipuko ulipopita mama mkwe aliita kwa sauti kuvuka ua, "Uko?" Na sauti ya jirani ikajibu, "Niko." Hivyo siku zote zile. Nilingoja jibu lile kila mara, na likija napumua. Lakini aliyeita hakuwa mimi.

Kimya kiliporudi, watu wengi waliokuwa wamekimbilia Goma walianza kurudi kwao, wengine kwa kutaka, wengine kwa kuamriwa. Asubuhi moja mama mkwe alikwenda ziwani kutafuta maji. Nilikuwa nimekaa kitandani, namnyonyesha binti yangu, mlango umefunguliwa kidogo ili mwanga uingie. Nikasikia ko-ko-ko.

Zilisikika karibu kuliko kawaida. Hilo nililitambua. Lakini shingo ilikuwa imeshageuka. Nikautazama ukuta, nikavuta kitenge juu ya kichwa cha mtoto, nikangoja ile moja ya mwisho. Haikuja. Nilisikia mtu akipumua. Nikafikiri, atapita sasa hivi. Kisha ndala zikaondoka polepole juu ya mawe, na mimi nikabaki nimegeuka, namngoja agonge.

Mama mkwe alirudi saa moja baadaye, akatua kidumu chini kwa hasira.

"Juu ya nini ulimukatalia?"

"Nani?"

"Nimekutana naye mu njia, na godoro yake juu ya chukudu ya mbao, kijana anaisukuma. Anarudi Kibumba. Anasema alipiga hodi ku mulango yako aage. Alitaka kumubeba mutoto mara moja tu, njo aende. Aliona mugongo yako."

Nilisimama. Nilitaka kukimbia, nikiwa na mtoto mkononi na bila viatu. Alinishika.

"Ameshafika mbali. Na hana hasira na weye. Amesema ni yeye mwenyewe alikuzoeza."

Nilikaa chini nikalia mpaka maziwa yakamwagika kifuani. Mama mkwe hakunibembeleza. Alienda akafagia chumba kitupu cha jirani, chote, mpaka pembeni, ingawa haikuwa kazi yake.

Shule zilipofunguliwa nilikikuta kitabu kile kabatini. Sikukisoma tena, niliwapa wanafunzi sarufi, wakanung'unika. Nilikuwa nikiamka nikiwa na sauti ile masikioni, Tazama mbele, madamu. Barabarani kila mwanamke aliyejifunika alinisimamisha. Niliwatazama watu usoni kwa namna ambayo iliwaudhi, mmoja akaniuliza kama nimepotelewa na akili. Mama mkwe alikuwa amerudi Bukavu. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, nilimfunga mgongoni nikapanda pikipiki kwenda Kibumba. Nilijua maneno ya kumwambia, nilikuwa nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi. Ya mwisho yalikuwa mafupi: nimekuja umbebe.

Kibumba ni baridi, na siku ile mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye kabichi. Kando ya barabara wanawake walikuwa wanachambua viazi, vikubwa huku, vidogo kule. Nilimsalimia mmoja wao, mtu mzima mwenye sauti ya upole, nikamtajia jina la jirani yangu. Alicheka. Jina lile la ubatizo, alisema, hapa wanalo wanawake kumi.

"Alikuwa anaishi Goma," nikasema. "Anatwanga sombe. Aliungua uso kwa petroli."

Akaacha kucheka. Akashika kiazi kimoja bila kukiweka huku wala kule.

"Wenye kuungua na petroli tulikuwa nao wawili, na wote walirudi toka Goma. Mumoja aliungua kuume, ule alishaenda Rutshuru kwa dada yake. Mwingine aliungua kushoto. Ule alipata homa, tumemuzika mwezi uliopita, pale nyuma ya kanisa. Wako ni yupi?"

Niliinua mkono wangu nimwonyeshe. Ulifika karibu na shavu langu, ukasimama. Nikaubadilisha, nikainua wa pili. Mwanamke alinitazama, na wenzake nao wakaacha viazi wakanitazama.

"Kuume ao kushoto, mama?"

"Sijui."

"Si umesema mulikaa kiwanja kimoja?"

Nilitoa simu nikampigia mama mkwe Bukavu. Nilimuuliza tu, bila salamu, uso wa jirani yetu uliungua upande gani. Hakufikiri hata kidogo.

"Kushoto," alisema. "Upande wa kuume ulikuwa muzuri sana, na kidoti cheusi chini ya jicho. Haukumuonaka?"

Mwanamke wa viazi alikuwa bado ananingoja. Nikamwambia, kushoto. Akaweka kiazi chini, akajifuta mikono kwenye kikwembe chake, akasimama anionyeshe njia ya nyuma ya kanisa.